Njuga Zilizokamatwa Voi

Watu hawaipendi forodha, na sioni haja ya kuwaonea haya kwa hilo. Mtu akinyang'anywa mzigo wake mezani hulia, hutukana, huapa kwa jina la mamake, au humvuta mwenye meza kando akamnong'oneza. Thadeus alikuwa ameyazoea yote hayo. Ndiyo maana alasiri moja ya mwaka wa hamsini na tano, alipomkamatia mali mzee aliyeshuka kwenye gari moshi la Taveta, na mzee yule akainua mikono kumshukuru Mungu, Thadeus alisisimkwa na mwili.

Mzee alikuwa mwembamba, kanzu yake imefifia kwa kufuliwa. Alisema ametoka Pangani. Alikuwa na kijisanduku cha mbao, na ndani yake, juu ya kitambaa chekundu, kulikuwa na jozi ya njuga za fedha, zile za kufunga miguuni, nzito na nyeusi kwa ukongwe.

"Una karatasi ya ushuru?" Thadeus akamuuliza.

"Sina."

"Ziliingilia wapi?"

"Ziliingilia pwani, kwa jahazi, bila ya kuonwa na mtu wa serikali. Nakwambia kweli tupu."

Wapenyeza magendo hawasemi hivyo. Thadeus alimtazama akidhani labda ana wazimu. "Basi nitazichukua, mzee."

"Sema tena, mwanangu. Sema kwa kinywa chako kwamba wazichukua kutoka kwangu."

Waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. Thadeus hakupenda kuchekwa akiwa kazini, na kwa kuudhika akatoa ile sauti yake ya sare na vifungo: "Nimezichukua kutoka kwako, kwa amri ya serikali."

Mzee akalia kwa furaha, machozi yakimtiririka ndevuni. Hakuulizia risiti. Alivuka uwanja wa stesheni akitembea upesi kuliko umri wake, wala hakugeuka nyuma hata mara moja.

Thadeus alikuwa Mtaita wa Bura, mtoto wa misheni, na aliiamini kazi yake kama wengine wanavyoiamini dawa. Meza yake ilikuwa pale Voi ambapo abiria wa Taveta hubadilisha gari kwenda Mombasa au Nairobi, na kila kilichoteremshwa kwa siri kwenye vijibandari vya Tanga kikavushwa mpaka kwa ujanja, kilikuwa lazima kipite mbele ya macho yake. Alijua tumbaku inavyofichwa ndani ya godoro na saa zinavyoshonewa kwenye koti la mtoto. Hakuwa amewahi kula rushwa, na jambo hilo alilitangaza mara nyingi kuliko adabu inavyoruhusu. Wenzake walimcheka, lakini walimheshimu.

Kijisanduku kilitiwa lakiri, kikafungiwa ndani ya ghala dogo la mabati nyuma ya stesheni, kusubiri kupelekwa Mombasa.

Kesho yake, saa za adhuhuri, jua la Voi likiwa limewafukuza hata mbuzi barabarani, Thadeus alisikia njuga zikilia ghalani. Hazikulia kwa fujo. Zililia taratibu, hatua kwa hatua, mfano wa mtu anayepima chumba kwa miguu. Alifungua kufuli, akaingia. Kijisanduku kilikuwa mahali pake na lakiri haikuguswa. Ila ndani mle, katika joto lile la mabati, palikuwa na baridi ya pangoni, na harufu ya ubani iliyochanganyika na nywele zinazoungua. Alifunga mlango akajiambia ni panya. Panya wa ubani, basi.

Nyumbani kwake hapakuwa mbali, katika ile safu ya nyumba za wafanyakazi. Mkewe Wakesho, binti wa kijiji cha Ronge, alikuwa mwanamke wa kelele njema: akipika huimba, akifua huimba, na majirani walijua amelala kwa kuwa kumenyamaza. Walikuwa na binti mmoja, Mable, aliyekuwa kwa bibi yake huko Ronge msimu ule. Thadeus alimpenda mkewe hadi akaona haya, maana alikuwa mtu wa kujikaza, na mapenzi yale ndiyo kitu pekee maishani mwake asichoweza kukikagua.

Siku ile alipokwenda nyumbani kwa chakula cha mchana, kulikuwa kimya. Aliposukuma mlango alikuta Wakesho akitembea chumbani, kutoka ukuta hadi ukuta, macho yamefumbwa, miguu mitupu. Na kila alipoweka unyayo sakafuni, njuga zililia.

"Mama Mable?"

Alisimama. Harufu ya ubani na nywele zinazoungua ikamjia Thadeus puani, na huyu ni mwanamke asiyejua marashi zaidi ya sabuni ya kufulia.

"Nipe zangu," alisema. Sauti ilikuwa nzito, ya mtu aliyeamka usingizini baada ya muda mrefu. "Wewe ndiye uliyezichukua. Nipe."

Kisha akaanguka.

Kuanzia hapo Wakesho aliacha kula. Mikono yake ilikuwa baridi katikati ya joto linalopasua midomo ya watu. Daktari wa hospitali alimpa vidonge vya malaria, na malaria haikuwapo. Kila adhuhuri aliinuka, macho yamefumbwa, akatembea akizidai njuga kwa sauti isiyo yake, na kila siku alibaki mwembamba zaidi ya jana. Majirani wakaanza kupita mbali na mlango wao.

Thadeus akapeleka habari Ronge, na mama mkwe wake, Jedidah, akaja na basi, Mable akiwa ameachwa kwa shangazi. Kwa heshima ya ukwe hakukaa chumba kimoja na Thadeus. Alimtazama binti yake mchana kutwa, kisha akazungumza na mkwe wake akiwa jikoni, ukuta ukiwa katikati yao.

"Baba, huu ugonjwa naujua. Ni saka."

"Mama, sisi ni Wakristo."

"Saka haiulizi dini. Mimi mwenyewe ilinishika nikiwa ndiyo kwanza nimeolewa. Nilisikia gari la kwanza kupanda mlima wetu, nikaanguka, nikataka kofia nyekundu ya tarabushi. Sikunywa hata maji. Baba yako mkwe akaenda akainunua, wakanipigia ngoma, nikaivaa nikacheza, ikaisha. Saka hutaka kitu cha kigeni. Ikipewa, huondoka. Wanawake wangapi hapa Taita wamepona hivyo? Anataka nini?"

Thadeus alikwangua rangi ya ukuta kwa ukucha.

"Nakuuliza, baba. Anataka nini?"

"Anataka njuga zilizo ghalani. Mali iliyokamatwa. Mali ya serikali."

Halafu Jedidah akasema polepole, bila hasira, na ndiyo maana maneno yake yaliuma: "Serikali ina njuga nyingi. Mimi sina Wakesho mwingine."

Walijaribu kumdanganya yule mgonjwa. Wanawake wa Kitaita waliokaa Voi walikuja alasiri na ngoma, wakamletea njuga za chuma, wakamletea leso mpya, wakamletea hata kofia ya msimamizi wa stesheni. Wakesho alivitupa vyote. Ngoma ilipofika katikati alifumbua macho, na macho yalikuwa ya Wakesho kwelikweli, yamejaa hofu, akamshika mumewe shati.

"Baba Mable," alinong'ona, "kuna mtu ananisukuma nitoke. Nitoke humu, humu mwilini mwangu. Usikubali."

Thadeus hakungoja zaidi. Alikwenda ghalani jua likiwa bado juu, watu wakimwona, akavunja lakiri aliyoiweka kwa mkono wake mwenyewe. Hakuwa akijua bado kwamba ni jini; aliona aibu tu. Alirudi, akapiga magoti mbele ya ngoma na wanawake wote wale, akamfunga mkewe njuga miguuni, mguu wa kulia kisha wa kushoto.

"Chukua," akasema. "Nimekupa. Mwache mke wangu."

Wakesho alicheza kidogo, akacheka, akaomba chakula. Jedidah alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka. Siku iliyofuata Wakesho alipika na kufagia, akala kwa watu wawili, mashavu yakaanza kurudi, na Thadeus alipomwangalia moyo wake ulikuwa mwepesi hata mkaguzi wa kizungu alipofika kutoka Mombasa, akaiona lakiri iliyovunjwa, akauliza ni nani. Thadeus hakusema uongo, na hata kama angetaka asingeweza. Akavuliwa sare papo hapo, meza ya Voi ikafungwa hadi karani mwingine apatikane, na mtu aliyejitangaza miaka yote kwamba hajala rushwa akatoka stesheni na fulana. Majirani hawakumcheka. Yeye mwenyewe alijiambia kwamba amelipa, na amepata alichokilipia.

Lakini Wakesho hakuimba. Jedidah ndiye aliyeligundua, akiwa anakuna nazi. Binti yake alipika kimya, akafua kimya, na njuga hazikutoka. Walijaribu mafuta, walijaribu sabuni, wakatafuta fundo wasilione. Zilikuwa zimemkaa kwenye ngozi. Na ile harufu, ambayo kwanza ilikuja adhuhuri na kuondoka, sasa ilikaa nyumbani kutwa, kwenye shuka, kwenye unga, kwenye maji ya kunywa, mpaka Thadeus akawa akitafuna ugali anasikia nywele zinaungua mdomoni mwake.

Wakamwita Bi Saadiya. Alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Mombasa, mshona kofia kwa kazi na msomea wagonjwa kwa karama. Aliingia na chetezo chake, akavuta pumzi mara moja, akakiweka chini bila kukiwasha.

"Huku tayari kwafukizwa," alisema. "Nyote kaeni kitako. Msikimbie."

Wakesho alikuwa ameketi mkekani, mikono magotini. Bi Saadiya akamsalimu kwa salamu ya Kiislamu, na Wakesho, mtoto wa misheni ya mlimani, akaitikia kikamilifu, kwa matamshi ya watu wa ng'ambo.

"U nani?"

"Hunijui, wala babu yako hakunijua. Walinifunga kwenye fedha, nikawa mali. Mali ikienda, nami huenda. Mali ikikaa, nami hukaa. Nimekaa kwa yule wa Pangani, na kwa babake, na kwa babu yake, nikiwala kidogo kidogo. Kutupwa situpiki. Kuuzwa siuziki. Kunyang'anywa ndiko kunakonihamisha, tena na mwenye amri."

"Na huyu mwanamke ana kosa gani?"

Wakesho akatabasamu, na Jedidah alisema baadaye kwamba tabasamu lile ndilo lililomwonyesha kuwa binti yake amekaliwa na mtu mwingine kabisa, kwa sababu lilianzia mdomoni likaishia mdomoni, na juu yake macho yalikuwa yakilia. "Nilikuwa na njuga, sikuwa na miguu," sauti ikasema. "Niliomba. Mkanipa. Sasa nina miguu, nami nakwenda kwetu nikiwa mzima."

Bi Saadiya aliwatoa nje, akawaambia kwa sauti ya chini, akitazama mlango. "Mumekosea, lakini mumekosea kwa mapenzi. Saka yenu hupewa itakacho ikaenda zake. Huyu si saka. Huyu ukimpa, wampa ruhusa." Akamgeukia Jedidah, ambaye alikuwa ameuziba mdomo kwa leso. "Usijilaumu, dadangu. Wewe ulitibu ugonjwa uujuao."

"Kuna dawa?" Thadeus aliuliza.

"Anyang'anywe tena. Mwenye amri ya serikali azishike kwa mkono wake, aseme kwa kinywa chake nimezichukua. Hapo zitatoka miguuni, na mkeo atabaki. Nenda Mombasa, kwa mtu asiyekujua."

"Taveta ni karibu. Josephat yuko pale. Nimemfundisha kazi mimi mwenyewe, hawezi kunikatalia."

"Nimekwambia mtu asiyekujua, mwanangu."

Hakumsikia, au alisikia akaona aibu ya kupekuliwa na wageni ni kubwa mno juu ya ile aliyokuwa nayo. Alijua pia kwamba kinachotoka kwake kitaingia kwa Josephat, kijana mwenye mke na watoto, aliyemwita kaka. Alilijua vizuri, likamchoma, na bado alikuwa tayari kulifanya. Mwanamume anayetaka mkewe arudi si mtu wa kuulizwa mengine.

Wakesho alikubali safari mara moja. Alijifunga leso, akatangulia stesheni, na wakati wote gari lilipokuwa likipita nyika kuelekea machweo, kupita Mwatate, kupita Bura, hadi kwenye mashamba ya mkonge, aliketi dirishani akigongesha visigino polepole, na kadiri mlima wa Kilimanjaro ulivyokuwa ukikua mbele yao ndivyo mgongo wake ulivyonyooka, mpaka Thadeus aliyeketi kando yake akajikuta anajiuliza ni nani hasa anayempeleka mwenzake Taveta.

Jukwaani pale Taveta abiria wa Moshi waliteremshwa na mizigo yao kukaguliwa. Josephat alikuwa mezani, sare imepigwa pasi. Alipomwona Thadeus alisimama wima.

"Kaka!"

"Josephat, nina magendo." Thadeus alisema kwa sauti ya juu ili asiweze kurudi nyuma. "Njuga za fedha zile, miguuni kwa mke wangu. Hazikulipiwa ushuru. Zikamate."

Watu wakageuka. Josephat akacheka kidogo, kisha akaona uso wa Thadeus, akaacha. Alitoka nyuma ya meza akamshika bega, akainamisha kichwa chake karibu.

"Kaka, tumesikia. Walivyokutendea Voi si haki. Na shemeji tumesikia anaumwa."

"Sitaki pole. Nataka ufanye kazi. Mpekue! Sema umezichukua!"

"Nimvue mwanamke mgonjwa vitu vyake miguuni? Mbele ya watu wote hawa?" Macho ya Josephat yalilengwa na machozi. "Wewe ndiye uliyenifundisha kazi hii. Kama wamekuvunja kiasi hicho, mimi sitakuwa wa kumalizia."

"Nakusihi, ndugu yangu. Nakusihi kwa watoto wako. Zichukue!"

Lakini ni nani anayeweza kumsihi mtu ajitie balaa asiyoiona, na mtu huyo anadhani anakufanyia hisani? Thadeus alimshika ukosi wa sare, na askari wawili wakaja mbio. Josephat, kwa huzuni na upole mtupu, akamgeukia Wakesho aliyekuwa amesimama kimya mbele ya meza, akamfungulia kizuizi.

"Pita, shemeji. Kaa garini upumzike. Nitamtuliza kaka."

Wakesho akainua mguu, akapita. Njuga zililia mara moja, kwa nguvu, na abiria wote wakaziba pua zao, kwa maana harufu ya nywele zinazoungua ilijaa jukwaa zima.

Thadeus aliwaponyoka askari. Alimfikia mlangoni mwa behewa, akatanua mikono mbele yake. Ile sauti ya zamani ikamtoka, sauti ya meza ya Voi: "Simama! Nimezikamata hizo! Nimezichukua kutoka kwako, kwa amri ya serikali!"

Aliyekuwa ndani ya Wakesho akamtazama kuanzia viatu hadi kola ya shati lake la kiraia.

"Serikali ipi?" akauliza kwa utulivu. "Sare yako iko wapi?"

Akamsogeza kando kwa kidole kimoja, naye Thadeus akaanguka kama mtoto. Askari wakamlalia. Firimbi ikapigwa. Alipoinua kichwa kutoka kwenye changarawe, gari lilikuwa linaondoka, na dirishani alikuwa mkewe, mkewe mwenyewe, macho yake na mdomo wake, viganja vyote viwili vimebandikwa kwenye kioo.

"Baba Mable!" alilia kwa sauti yake, ile ya kuimba jikoni. "Baba Mable, mbona wameniruhusu?"

Gari likapinda kuelekea Kahe, njia ya kwenda Tanga na baharini. Josephat alikuwa amepiga magoti kando ya Thadeus, anampangusa damu kwa leso yake, anamwambia atulie, shemeji yuko salama, hakuna aliyemgusa.